Katheta ya pua yenye maputo mawili kwa majeruhi wa uso: chombo kizuri kisichofaa kununuliwa peke yake

Tathmini hii inahusu katheta ya pua yenye maputo mawili, kifaa chepesi cha silikoni kilichobuniwa kwa ajili ya wagonjwa wanaotokwa damu puani. Timu za dharura na madaktari wa upasuaji wa kinywa, uso na taya wamekuja kukitegemea katika kazi nzito zaidi, yaani kuzuia damu nyingi kwa majeruhi waliovunjika mifupa ya katikati ya uso. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaowapokea majeruhi hao: madaktari, wauguzi wa chumba cha dharura, wataalamu wa dawa ya usingizi, na wale wanaokaa kwenye kamati za manunuzi wakiamua kipi kiingie stoo na kipi kisubiri. Hukumu yangu naitoa mapema. Chombo hiki ni kizuri na kinastahili kuwepo kila mahali panapopokea majeruhi wa ajali, lakini hospitali inayokinunua bila vitegemeo vya kinywa (vipande vya mpira vinavyowekwa kati ya magego), bila kola za shingo na bila kuizoeza timu yake imenunua nusu ya tiba, na nusu hiyo inaweza kudhuru.

Ubora wa kifaa hiki hauwezi kupimwa bila kujua damu inatoka wapi. Sehemu kubwa ya uso hupata damu kutoka ateri ya nje ya karotidi, tawi la mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, kupitia ateri ya uso inayopita juu ya taya la chini, na kupitia ateri ya maksila inayojificha nyuma ya taya la juu. Ateri ya maksila ndiyo inayotoa tawi la sfenopalatini linaloingia puani kwa nyuma, pamoja na tawi linaloshuka kwenye kaakaa. Paa la pua, kwa upande wake, hulishwa na ateri za ethmoidi, ambazo asili yake ni ateri ya ndani ya karotidi kupitia ateri ya jicho. Mifumo hii miwili inaungana ndani ya pua, na ya kulia inaungana na ya kushoto, kiasi kwamba mshipa uliokatika unaweza kuendelea kumwaga damu kutoka upande wa pili hata baada ya kufungwa kwa upande mmoja. Kwa mtu mzima wa afya mtandao huu ni neema, kwa kuwa ndio unaofanya majeraha ya uso yapone haraka. Kwa majeruhi anayevuja damu, mtandao huohuo ndio unaoifanya kazi ya kumwokoa kuwa ngumu.

Mifupa nayo ina sehemu yake. Mwaka 1901, daktari wa Kifaransa René Le Fort alieleza njia tatu ambazo kwa kawaida mifupa ya katikati ya uso huvunjikia, na katika zote tatu ufa hufika nyuma hadi kwenye mabapa ya pterigoidi, vibamba vya mfupa vilivyo nyuma ya taya la juu, jirani kabisa na ateri ya maksila na matawi yake. Taya la juu likishaachana na fuvu, kila linapocheza linachana upya mishipa midogo na kuukung'uta mgando uliokuwa umeanza kushika. Koleo la daktari halifiki huko. Kubana kwa kubahatisha ndani ya jeraha la uso ni hatari kwa sababu neva ya uso na mfereji wa tezi ya mate hupita humohumo, na neva iliyobanwa kwa koleo inaweza kumwachia mtu uso uliopinda maisha yake yote.

Jambo la tatu ndilo linaloua kimyakimya. Majeruhi aliyelazwa chali humeza damu yake. Anayemtazama kutoka pembeni huona michirizi michache tu kwenye shavu na kudhani damu imepungua, kumbe inashuka kooni na kujaa tumboni, mpaka mgonjwa anapotapika ghafla au shinikizo la damu linapoporomoka. Kwa hiyo kifaa chochote kinachodai kuzuia damu ya uso kinapaswa kupimwa kwa kile kinachoonekana nyuma ya koo, si kwa usafi wa uso kwa mbele.

Sasa kifaa chenyewe. Katheta hii ina puto dogo upande wa nyuma, linalokaa kwenye mlango ambako pua hukutana na koo, na puto refu upande wa mbele, linalojaza tundu lote la pua. Kila puto lina vali yake ya kujazia kwa bomba la sindano. Kati ya zinazojulikana zaidi ni Epistat, ambayo puto lake la nyuma hujazwa hadi mililita 10 na la mbele hadi mililita 30, nayo ina mfereji katikati unaopitisha hewa. Ipo pia familia ya Rapid Rhino, ambayo maputo yake yamevikwa kitambaa cha kaboksimethiliselulosi kinachogeuka kuwa utelezi kikiloweshwa kwa maji safi ya hospitali, na ambayo hujazwa hewa badala ya maji. Aina yake ya sentimita 9 ndiyo yenye maputo mawili. Zile fupi zina puto moja tu, na si za kutegemewa kwa majeruhi ambaye taya lake la juu limevunjika.

Tofauti ya maji na hewa si ndogo kama inavyoonekana. Hewa huvuja polepole kupitia ukuta wa puto na kwenye vali, kwa hiyo puto la hewa linahitaji kukaguliwa mara kwa mara kwa kukibonyeza kiputo kidogo cha nje. Aidha, majeruhi anayesafirishwa kwa ndege hubeba puto linalovimba kadiri shinikizo la hewa ndani ya ndege linavyopungua, na puto lililokuwa salama chini linaweza kubana kupita kiasi likiwa angani. Maji hayana tatizo hilo. Hatari ya maji ni kwamba puto likipasuka yataingia kooni, lakini kwa mgonjwa aliyekwisha wekewa mpira wa kupumulia wenye puto lake ndani ya bomba la hewa (trakea), mililita hizo chache zinadhibitika. Kwa majeruhi wa uso, mimi huchagua maji.

Matumizi yake nayaeleza kwa utaratibu, kwa kuwa hapa ndipo kifaa kinapofaulu au kufeli. Njia ya hewa hutangulia kila kitu. Mgonjwa mwenye fahamu, ambaye uti wake wa shingo hauna mashaka, aachwe aketi na kuinama mbele ili damu itoke nje badala ya kushuka kooni, na asilazimishwe kulala kwa sababu tu kitanda kipo tayari. Asiyeweza kuilinda njia yake ya hewa awekewe mpira wa kupumulia kupitia kinywani, na timu iwe imekwisha andaa kisu na vifaa vya kufungua njia ya hewa kwa mbele ya shingo iwapo damu na uvimbe vitazuia kuona. Hatua ninazozieleza hapa chini zinamhusu mgonjwa ambaye njia yake ya hewa imekwisha kulindwa. Kumjaza mtu maputo na vitegemeo kinywani kabla ya hapo ni kumziba pumzi.

Baada ya hapo kola ngumu ya shingo hufungwa, kisha vitegemeo vya mpira huwekwa kati ya magego ya juu na ya chini, kulia na kushoto, na mwisho kabisa katheta huingizwa kila upande wa pua. Mpangilio huu una sababu yake. Kola hulizuia taya la chini lisishuke, taya la chini huvibeba vitegemeo, na vitegemeo hulisukuma taya la juu lirudi lilikotoka, chini ya fuvu. Maputo yakijazwa sasa, yanapanuka ndani ya chumba chenye sakafu iliyotulia, na shinikizo lote linaelekea kwenye mishipa inayovuja.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alielewe kabla ya kutia saini. Puto halina nguvu ya kufunga mshipa wa damu, ila lina nguvu ya kusukuma, na msukumo hufaa pale tu panapokuwa na ukuta wa kuupokea. Kwa mgonjwa wa kawaida anayetokwa damu puani, ukuta upo, kwani mifupa yake ni mizima. Kwa majeruhi ambaye taya lake la juu linaning'inia, hakuna ukuta. Daktari akijaza maputo bila kulitegemeza taya, maputo yatalisukuma chini na mbele, nyufa zitapanuka, mishipa itavutika zaidi na damu itaongezeka. Mtu ambaye hajaelezwa jambo hili hufikiri kwamba puto halijajaa vya kutosha, akaongeza mililita nyingine, na hali ikazidi kuharibika. Nimesikia kifaa hiki kikilaumiwa kuwa hakifanyi kazi, na nikiuliza vitegemeo viliwekwa wapi, jibu mara nyingi ni kwamba havikuwepo.

Uingizaji wenyewe una jambo la kutazamwa kwa karibu. Katheta hupakwa utelezi, kisha huelekezwa kwa usawa wa sakafu ya pua, kuelekea nyuma ya kichwa, kamwe si juu kuelekea machoni. Msaidizi akiwa na taa ya laringoskopu na mashine ya kufyonza hulitazama koo, na anachokisubiri ni ncha nyeupe ya silikoni ichungulie nyuma ya kaakaa laini, kando ya kimio. Asipoiona, hakuna anayeruhusiwa kujaza kitu. Akishaiona, puto la nyuma hujazwa polepole, kisha katheta huvutwa mbele kwa upole mpaka mkono uhisi kwamba puto limekwama kwenye mlango wa nyuma wa pua, na hapo hushikiliwa. Ndipo puto la mbele hujazwa kwa kupishana na lile la upande wa pili, ili ukuta wa katikati ya pua usisukumwe upande mmoja. Huku mililita zikiongezeka, jicho moja libaki kooni kuona kama mchirizi wa damu umekatika, na jicho lingine kwenye ukingo wa tundu la pua. Ngozi ikigeuka nyeupe na ikabaki nyeupe, shinikizo limezidi na kiasi kipunguzwe, kwa kuwa ukingo wa pua uliokufa kwa kubanwa ni ulemavu ambao mgonjwa ataubeba usoni pake.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kitako cha fuvu kilichovunjika. Yapo matukio yaliyoandikwa kwenye fasihi ya tiba ya mipira ya pua iliyopenya ufa na kuishia ndani ya ubongo, na majeruhi wanaovuja damu nyingi za uso ndio haohao wenye uwezekano mkubwa wa kuwa na ufa huo. Je, hilo linamaanisha katheta isitumike kwao? Maoni yangu ni kwamba mgonjwa anayekufa kwa damu hawezi kusubiri picha za CT, na kwamba hatari hupungua sana endapo katheta itaelekezwa kwa usawa, bila kulazimishwa, na endapo hakuna puto litakalojazwa kabla ncha haijaonekana kooni. Baada ya damu kusimama, picha zipigwe na mahali pa katheta pathibitishwe. Anayeingiza kifaa hiki bila msaidizi wa kutazama koo anajitwisha hatari ambayo haikuwa ya lazima.

Swali ambalo kamati za manunuzi huuliza daima ni kwa nini tununue katheta maalumu ilhali stoo imejaa mipira ya mkojo aina ya Foley. Ni swali la haki, na jibu lake si la kudharau. Foley ya namba 12 au 14, ikipitishwa kwa njia ileile na puto lake likajazwa mililita chache za maji kisha likavutwa mpaka likwame, huziba mlango wa nyuma wa pua vizuri sana. Ni chombo kinachopatikana karibu kila wodi, na kila muuguzi anajua vali yake inavyofanya kazi. Upungufu wake ni kwamba huziba nyuma tu. Mbele panahitaji kujazwa utepe mrefu wa gozi uliopakwa mafuta au dawa, tabaka juu ya tabaka, kazi inayotaka mwanga, koleo refu na mkono uliozoea, wakati ambapo kila dakika ina thamani. Halafu Foley haina namna yake ya kujishikilia. Lazima ibanwe kwa kibano mbele ya pua, kama kile cha kubania kitovu cha mtoto mchanga, na chini ya kibano iwekwe gozi ya kutosha, la sivyo kibano kitaukata ukingo wa pua kwa shinikizo la saa nyingi. Vilevile Foley haikutengenezwa kwa ajili ya pua, na hospitali inayoitumia hivyo iandike utaratibu wake yenyewe badala ya kumwachia kila mtu abuni lake.

Nikizilinganisha, katheta ya maputo mawili haizuii damu kwa ufundi wa ajabu kuliko Foley na gozi zikiwekwa na mtu mwenye uzoefu. Faida yake ni kasi, na kwamba mtu asiyekuwa daktari bingwa anaweza kufundishwa kuitumia vizuri kwa muda mfupi. Saa nane za usiku, daktari bingwa akiwa njiani, tofauti hiyo ndiyo inayompa mgonjwa nafasi ya kufika chumba cha upasuaji. Sifongo za pua zinazovimba zikilowana, ambazo nazo zimo kwenye makabati mengi, sizioni kama mshindani hapa. Zinafaa kwa damu ya mbele, lakini haziwezi kuziba nyuma wala kuukabili mkondo wenye nguvu wa ateri.

Kasoro zipo na sitazificha. Katika katheta nilizozitumia, vali za maputo mawili hufanana mno, na kwenye mwanga hafifu huku glavu zikiwa zimelowa damu, ni rahisi kujaza puto la mbele kwanza, jambo linaloizuia katheta isivutwe mahali pake. Nimezoea kufunga kipande cha plasta kwenye vali ya nyuma mara tu pakiti inapofunguliwa, na nashangaa kwamba watengenezaji hawajaliona hili kuwa jambo la kwanza la kurekebisha. Maelezo yanayokuja na kifaa nayo yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa anayetokwa damu puani tu, hayasemi lolote la maana kuhusu taya lililovunjika, na anayeyasoma kwa mara ya kwanza mbele ya majeruhi hatapata anachokihitaji. Kasoro ya tatu ni umbo. Pua iliyopondeka haina tena nafasi ambayo katheta ilichongewa, na mara nyingine upande mmoja haupitiki kabisa. Hapo Foley nyembamba hupita mahali ambapo katheta maalumu imegoma, na ndiyo sababu siipendekezi hospitali iachane na Foley hata ikishanunua hii.

Vitegemeo vya kinywa navyo vina mipaka yake. Mgonjwa asiye na magego hana pa kuvikalisha, hivyo hulazimu kutumia meno yake ya bandia kama hayakuvunjika, au mikunjo ya gozi iliyofungwa imara. Kaakaa likiwa limepasuka katikati, maputo yanaweza kulitenganisha zaidi, na ni busara kuyafunga meno ya pande mbili kwa waya kuvuka ufa kabla ya kujaza. Kola ya shingo ikikazwa kupita kiasi huzuia damu isirudi kutoka kichwani, jambo ambalo majeruhi wa ubongo halivumilii, kwa hiyo ikaguliwe na kulegezwa mara tu taya litakapokuwa limeshikwa kwa njia nyingine.

Katheta hii isidhaniwe kuwa inatibu kila damu ya uso. Jeraha la ngozi ya kichwa, ambalo linaweza kumwaga damu nyingi ajabu, hushonwa kwa haraka kwa uzi mmoja unaokwenda mfululizo. Mdomo na ulimi hushonwa. Ateri ya uso inaweza kubanwa kwa kidole kwenye ukingo wa taya la chini, mbele kidogo ya msuli wa kutafunia, na kidole hicho kikikaa mahali pake humpa daktari muda wa kuitafuta na kuifunga kwa macho, bila kubahatisha. Tundu la risasi au kisu linalopiga damu kutoka kina kirefu cha shavu au shingo ni jambo lingine tena. Hapo Foley huingizwa ndani ya tundu lenyewe, puto likajazwa mpaka damu isimame, na ngozi ikashonwa kulizunguka. Mbinu hii imetumika sana Afrika Kusini kwa majeraha ya shingo, na ni sababu nyingine ya kuuheshimu mpira wa mkojo.

Maputo yakishafanya kazi yake, kilichonunuliwa ni muda tu, na muda huo una matumizi yake. Asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia mgando wa damu usivunjike, itolewe mapema, gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba ikianza baada ya saa 3 inaweza kuongeza vifo vinavyotokana na damu. Mgonjwa afunikwe na kupewa joto, kwa kuwa damu iliyopoa haigandi vizuri, na arudishiwe damu badala ya kujazwa maji ya chumvi lita baada ya lita. Nimeona maputo yaliyowekwa kwa ustadi yakizidiwa na damu ya mgonjwa ambaye mwili wake ulikuwa umepoa na uwezo wake wa kugandisha umekwisha. Kuilaumu katheta kwa hilo ni kuionea.

Damu ikiendelea kushuka kooni licha ya taya kutegemezwa na maputo kujazwa ipasavyo, mgonjwa anahitaji hatua nyingine, na timu isichelewe kuikubali hali hiyo. Panapokuwa na mtaalamu na mashine, mshipa unaovuja unaweza kutafutwa kwa picha za mishipa na kuzibwa kutoka ndani, njia ambayo kwa damu ya nyuma ya pua ilianza kuripotiwa mwaka 1974. Ina hatari zake, zikiwemo kiharusi na upofu, kwa sababu ya zile njia zinazounganisha karotidi ya nje na ya ndani, na haifai kwa ateri za ethmoidi, ambazo huzibwa kwa upasuaji kando ya jicho. Pasipo na huduma hiyo, kufunga ateri ya nje ya karotidi shingoni bado ni chaguo la halali, mradi daktari ahakikishe kwa kuyaona matawi yake kwamba anaifunga ya nje na si ya ndani, na asitarajie makubwa, kwa kuwa upande wa pili utaendelea kuleta damu. Mara nyingi tiba iliyo bora kuliko kufunga mishipa ni kulirudisha taya mahali pake na kulishika kwa waya au vyuma. Mfupa ukitulia, mgando nao hutulia.

Katheta hazikai muda mrefu. Saa 24 hadi 48 hutosha kwa wengi, na kadiri zinavyozidi kukaa ndivyo hatari ya vidonda vya pua, maambukizi ya sinasi (mianya ya hewa ndani ya mifupa ya uso) na hata sumu ya bakteria kuingia kwenye damu inavyoongezeka. Saa ya kujazwa na kiasi kilichowekwa kila puto viandikwe kwenye faili la mgonjwa na kwenye plasta iliyobandikwa kwenye katheta yenyewe, kwani zamu hubadilika na wanaopokea hawakuwepo. Kutolewa kufanyike chumba cha upasuaji au mahali penye mashine ya kufyonza, damu ikiwa tayari benki, na maputo yapunguzwe kidogokidogo huku koo likitazamwa, kisha katheta iachwe mahali pake kwa muda ikiwa tupu. Damu ikirudi, itajazwa tena bila mtu yeyote kuanza upya kutafuta njia ndani ya pua iliyovimba.

Kwa wanaonunua, ushauri wangu ni huu. Katheta zinunuliwe kwa jozi, kwa sababu moja haimtoshi majeruhi mmoja, na kila jozi ihifadhiwe kwenye sanduku moja pamoja na vitegemeo vya kinywa vya saizi mbalimbali, kola ya shingo, mabomba ya sindano ya mililita 10 na 20, maji safi, utelezi, gozi, Foley mbili za akiba na vibano vyake. Sanduku likae chumba cha dharura, si kwenye stoo inayofungwa jioni. Tarehe za kuisha muda zikaguliwe pamoja na za dawa. Katheta zilizopitwa na wakati zisitupwe, zipelekwe kwenye mazoezi, ili muuguzi wa zamu ya usiku awe amekwisha kuona kwa macho yake ni vali ipi inajaza puto lipi.